Mpango wa kujifungua kwa namna yako: uandae kabla hujaingia leba

"Sista, naruhusiwa kuingia leba na mama yangu?" "Ni lazima nilale chali?" "Wakitaka kuniongezea njia kwa kunikata naweza kukataa?" "Nitamwambiaje nesi bila kuonekana najifanya najua?" Maswali haya nimeyajibu kliniki, nimeyajibu kwenye simu, hata msibani nimevutwa pembeni nikaulizwa. Nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio ili ukae na kalamu, ufuate hatua, umalize.

Zamani sisi wakunga tulihangaika na swali moja tu: mama atajifungulia wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2004/05 ulikuta asilimia 47 ya watoto Tanzania wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81. Akina mama wamekuja, na sasa wanauliza watajifungua vipi. Wana haki kabisa ya kuuliza. Mama aliyefokewa au kuachwa peke yake kitandani, mimba inayofuata hukaa nyumbani mpaka dakika ya mwisho, na huko ndiko tunakowapoteza. Aliyesikilizwa hurudi, tena huja na wifi yake.

Nimeandika nikiwa na hospitali na vituo vya umma vya Tanzania akilini. Aliye Kenya au kwingine ataona mengi yanafanana, ila aulize taratibu za kwao.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kadi yako ya kliniki, iliyojazwa. Kenya ni kile kijitabu cha mama na mtoto.
- Majibu ya vipimo: kundi la damu, wingi wa damu, presha, mkojo, kaswende, VVU.
- Tarehe ya makadirio.
- Karatasi moja. Moja tu, nitaeleza kwa nini.
- Jina la mtu utakayeingia naye leba.
- Namba za simu za watu wawili wenye usafiri wa uhakika usiku.
- Muda wa kuzungumza na mume au mwenza wako mkiwa mmetulia.

Wakati mzuri wa kuanza ni kati ya wiki ya 28 na ya 34. Ukiwa umeshavuka hapo, anza leo. Na usiache kliniki: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mama aonane na mhudumu angalau mara 8 katika mimba moja. Kila hudhurio ni nafasi ya kuuliza.

Hatua ya 1: Jua mimba yako inaruhusu nini

Muulize mkunga wako wa kliniki swali hili kama lilivyo: "Kwa hali yangu, nijifungulie zahanati, kituo cha afya au hospitali yenye upasuaji?" Usichague mahali kwa sababu ni karibu au kwa sababu jirani alihudumiwa vizuri.

Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu kama ulishawahi kujifungua kwa upasuaji, una mapacha, presha iko juu, una kisukari au selimundu, mtoto ametanguliza makalio, ulivuja damu nyingi uzazi uliopita, au hii ni mimba ya tano na kuendelea. Aliye chini ya miaka 20 kwenye uzazi wa kwanza, na mama mfupi sana, nao waulizie hospitali.

Angalizo: mwenye kovu la upasuaji anaweza kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, lakini pale tu ambapo upasuaji unaweza kufanyika haraka, kwa sababu kovu linaweza kuachia uchungu ukiwa umepamba moto. Usijaribu zahanati, na usijaribu nyumbani hata kama mkunga wa jadi anakuhakikishia.

Hatua ya 2: Tembelea leba ukiwa bado huna uchungu

Akina mama wengi huiona leba kwa mara ya kwanza wakiwa wameinama wanashika ukuta. Wakati huo huwezi kuuliza kitu. Kati ya wiki ya 30 na 36 chagua siku ya kazi, mchana, mwone muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi. Salimia vizuri, sema wewe ni mjamzito wa hapo na ungependa kufahamu utaratibu. Wengi hukubali. Uliza:

- Mtu wangu anaruhusiwa kuingia? Mpaka chumba cha kusukumia au anaishia wodini?
- Vitanda vina mapazia?
- Naweza kutembea na kunywa uji nikiwa na uchungu?
- Mnasaidia mama kujifungua kwa mikao gani?
- Usiku kuna wakunga wangapi zamu moja?
- Upasuaji unafanyika hapa au kwa rufaa? Rufaa ni wapi?
- Nije na vifaa gani?

Swali la wakunga wa usiku usiliruke. Mkunga mmoja mwenye akina mama sita hawezi kukukanda mgongo hata kama moyo wake unataka, na ukilijua hilo mapema utaona umuhimu wa hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Chagua mtu wa kuingia naye

Katika mwongozo huu wote, kama nguvu zako zinatosha hatua moja tu, fanya hii. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote wa uchungu hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hana kinyongo sana na uzazi wake baadaye. Mkoani Kigoma, kati ya 2016 na 2018, kwa msaada wa shirika la Thamini Uhai, akina mama waliruhusiwa kuingia na watu wa kuwasindikiza kwenye vituo vya umma, tena vituo vya kawaida. Kwa hiyo anayekwambia jambo hili ni la hospitali za matajiri, mwambie Kigoma limefanyika.

Mtu mzuri ni yupi? Si lazima awe mama mzazi. Ni yule anayeweza kukesha, asiyelia kabla yako, asiyegombana na manesi, na anayejua unachotaka. Nimeona mama mkwe aliyekanda mgongo wa mkwewe usiku kucha bila kuchoka, na nimeona dada wa tumbo moja aliyekimbia alipoona damu. Jiulize swali moja: nikivuliwa nguo mbele ya mtu huyu, nitatulia au nitajikaza? Uchungu na aibu havikai pamoja.

Kuhusu mume: wodi nyingi za umma ni za vitanda vingi, na kuingia kwake kunawavunjia stara wenzako. Kama kuna chumba cha peke yako au mapazia ya maana, omba. Kama hakuna, mpe mume kazi ya nje: usafiri, simu, wachangia damu, na kupokea habari.

Kisha mfundishe huyo mtu wako mambo matatu: kukukanda kiunoni kwa ngumi, kukukumbusha kunywa na kwenda haja ndogo kila baada ya saa mbili hivi, na kuongea na nesi kwa upole wewe ukiwa huwezi.

Hatua ya 4: Amua unachotaka, jambo kwa jambo

Mwaka 2018 WHO ilitoa mwongozo wenye mapendekezo 56 kuhusu huduma wakati wa uchungu na kujifungua. Mengi ya unayoogopa kuomba yamo humo. Pitia haya na mwenza wako.

*Kutembea.* Njia ikiwa haijafunguka sentimita 5, uchungu bado ni wa mwanzo na unaweza kuchukua saa nyingi bila tatizo lolote. Usikae umelala kutwa. Tembea, egemea ukuta, piga magoti ulalie kiti. Kukaa wima kipindi hiki hupunguza muda wa uchungu, wastani wa zaidi ya saa nzima.

*Kula na kunywa.* Kama huna hatari ya kuingia upasuaji, unaruhusiwa. Uji mwepesi, chai ya sukari, tende, maji. Kusukuma ni kazi nzito, na tumbo tupu la tangu jana halikusaidii.

*Kupimwa njia.* Kila saa 4 inatosha kama mambo yanaenda sawa. Omba uelezwe kabla, na upimwe na mtu mmoja. Wanafunzi wanahitaji kujifunza, lakini waombe ruhusa, na wewe unaweza kusema hapana.

*Mkao wa kusukuma.* Kulala chali miguu juu kumezoeleka kwa sababu kunamrahisishia mhudumu kuona. Unaweza kulala ubavu, kuchuchumaa, kupiga magoti na mikono, au kukaa nusu umeegemea. Kwa mama anayeogopa kuchanika napenda sana ubavu: mtoto hutoka taratibu, na mkunga bado anaona vizuri. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa amechanika vibaya uzazi wa kwanza aliuchagua mkao huo uzazi wa pili, akauandika, akauonyesha kliniki. Baadaye aliniambia kilichomtuliza ni kuulizwa, "Mama, uko tayari tugeuke?"

*Kuongezewa njia.* Hakupaswi kufanywa kwa kila mama, hata wa uzazi wa kwanza. Kuna wakati kunahitajika, kwa mfano mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na kichwa kiko mlangoni. Omba upigwe sindano ya ganzi kabla ya kukatwa, na kabla ya kushonwa pia.

*Kukandamizwa tumbo* ili mtoto atoke. Hili lina hatari na halipendekezwi. Mtu wako aseme: "Samahani nesi, naomba asikandamizwe tumbo."

*Kunyolewa na kuoshwa tumbo kwa enema.* Havina ulazima. Ukitaka kujinyoa, jinyoe nyumbani.

*Dripu ya kuongeza uchungu.* Uliza sababu kabla haijawekwa. Sababu ikiwepo, kubali, lakini mtoto asikilizwe moyo mara kwa mara.

*Maumivu.* Sindano ya ganzi ya mgongo kwa ajili ya uchungu wa kawaida haipatikani hospitali nyingi za umma. Usiitegemee kabla hujauliza. Tegemea kukandwa, maji ya vuguvugu kiunoni, kupumua, kutembea, na dua au sala zako.

*Saa ya kwanza.* Omba mtoto awekwe kifuani kwako akiwa mtupu, mfunikwe pamoja na kanga kavu. Kitovu kisubiri angalau dakika 1 kabla ya kufungwa. Anyonye ndani ya saa moja. Kuogeshwa kusubiri saa 24, hata kama bibi ameshachemsha maji. Mama anayetumia ARV naye aombe haya yote. Mtoto atapewa dawa yake ya kinga na atanyonya. Kama ninyi ni Waislamu na baba anataka kumwadhinia mtoto, andika. Kama ukoo wenu huchukua kondo la nyuma kwenda kulizika, andika pia, na uje na chombo chenye mfuniko.

Angalizo kubwa: yapo ambayo sikushauri ukatae. Sindano ya paja unayopigwa mara mtoto anapotoka ni ya kuzuia damu, na kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi. Usikatae kupimwa presha, kusikilizwa moyo wa mtoto, wala kuongezewa damu ikihitajika. Kama imani yako hairuhusu damu, liseme kliniki mapema, usilitoe leba.

Hatua ya 5: Andika ukurasa mmoja

Nesi wa zamu ya usiku hatasoma kurasa nne. Andika kwa herufi kubwa, kwa maneno ya kuomba. Mfano:

> Naitwa ____. Mimba ya ____. Makadirio ____. Kundi la damu ____.
> Nitaingia na dada yangu ____, simu ____.
> Naomba: nitembee na ninywe uji, nielezwe kabla ya kupimwa njia, nisukume nikiwa nimelala ubavu, nisiongezewe njia isipokuwa kuna hatari, na nipigwe ganzi kwanza, mtoto awekwe kifuani kwangu, asiogeshwe leo.
> Ikibidi upasuaji: nielezwe sababu, dada yangu ajulishwe, na nimwone mtoto mapema iwezekanavyo.
> Nakubali: sindano ya kuzuia damu, dripu, damu, rufaa, na upasuaji wa dharura endapo mimi au mtoto tuko hatarini.

Mstari wa mwisho ndio unaokufungulia milango. Mhudumu akiuona anajua hukuja kupambana naye, na yale ya juu anayasoma kwa moyo mwepesi.

Hatua ya 6: Ipeleke karatasi kliniki

Hudhurio linalofuata, mpe mkunga aisome mkiwa pamoja. Mwulize lipi linawezekana pale na lipi haliwezekani. Lisilowezekana lifute au libadilishe. Kisha ibane ndani ya kadi, na mtu wako apige picha kwenye simu yake. Kama mume ndiye huulizwa kila jambo katika nyumba yenu, hasa upasuaji, mkubaliane sasa hivi. Ridhaa ni yako wewe, lakini nimeona dakika nyingi zikipotea watu wakimtafuta baba ambaye simu imezimwa.

Hatua ya 7: Begi, fedha, usafiri, damu

Kanga au vitenge vinne au zaidi, nguo za mtoto, kofia, pedi, beseni, sabuni, chupa ya uji, na vifaa ulivyotajiwa hatua ya 2. Huduma ya uzazi katika vituo vya umma Tanzania kisera ni bure, lakini glavu, pamba, mpira wa kulalia na vibanio vya kitovu mara nyingi huombwa uje navyo. Nunua kidogo kidogo. Tafuta watu wawili walio tayari kuchangia damu. Andika pia namba 115 ya m-mama, ya bure, kwa usafiri wa dharura wa mjamzito na mtoto mchanga.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Uzazi wa kwanza, kama huna tatizo na hospitali iko karibu, unaweza kukaa nyumbani mpaka uchungu uje kila dakika 5 hivi na kudumu karibu dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Unakaa mbali, au si uzazi wa kwanza? Ondoka mapema zaidi.

Usisubiri chochote, ondoka mara moja, ukiona: damu inatoka, chupa imepasuka (maji ya uzazi yametoka), kichwa kinauma sana au macho yanaona maluweluwe, uso na mikono vimevimba, homa, degedege, au mtoto amepunguza kucheza.

Ukifika, toa kadi na karatasi pamoja. Mtu wako aseme: "Shikamoo sista, huyu ni dada yangu, ameandika maombi yake machache hapa." Basi. Maelezo marefu yasubiri.

Angalizo: usinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, wala usikubali mtu akuingizie dawa hizo leba ndani ya chupa ya chai. Zinaweza kubana kizazi mfululizo mpaka mtoto akose hewa au kizazi kichanike, na sisi hatujui umekunywa nini. Kama umeshakunywa, tuambie. Usiogope kugombezwa, maisha yako ni muhimu zaidi.

Mambo yakienda tofauti

*"Hapa hatufanyi hivyo."* Usibishane. Uliza, "Sawa sista, tunaweza kufanya lipi linalokaribia?" Aliyekataa kuchuchumaa mara nyingi hukubali ubavu. Ikishindikana, mtu wako amwombe mfawidhi wa zamu.

*Mtu wangu amezuiwa mlangoni.* Taja jina la aliyekuruhusu ulipotembelea. Kama leba imejaa, omba aingie angalau wakati wa kusukuma, na wewe ukae na karatasi yako.

*Nimepimwa, sentimita 3, nimeambiwa nirudi nyumbani.* Si dharau. Kama mtoto anacheza, chupa haijapasuka na presha ni nzuri, kurudi kunakuepusha kuongezewa dripu bure. Kama nyumbani ni mbali, omba kukaa eneo la hospitali utembee.

*Chupa imepasuka, uchungu hakuna.* Weka pedi, nenda. Maji yakiwa ya kijani au yananuka, sema hivyo mlangoni kabla ya salamu.

*Makadirio yamepita.* Hudhuria, usikae. Ikitimia wiki ya 41 zungumzeni kuhusu kuanzishiwa uchungu, na uandike upya maombi yako, kwani utakaa wodini muda mrefu zaidi.

*Nilipanga kawaida, nikaishia kisu.* Hili huwaliza wengi. Mama mmoja aliniambia kitu kilichomuumiza ni kwamba hakuna aliyemwambia sababu mpaka siku ya tatu, kovu hakulijali. Uliza kabla hujaruhusiwa: "Nilipasuliwa kwa nini, na mimba ijayo naweza kujaribu kawaida?" Jibu liandikwe kwenye kadi. Unaweza kuomba mtoto awekwe kifuani hata baada ya upasuaji, ukishatulia.

*Sijalala, nalia kila siku, naona picha za leba.* Yakizidi wiki mbili rudi kliniki useme hivyo hivyo. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako, nenda siku hiyo hiyo.

*Nilipigwa au nilitukanwa.* Ukipata nguvu, andika tarehe, saa, wodi na maneno yaliyosemwa. Anza kwa muuguzi mfawidhi, kisha mganga mfawidhi. Usiporidhika, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linapokea malalamiko. Kenya, mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni na kupigwa makofi alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya, kwa hiyo usiambiwe malalamiko hayafiki popote. Nenda na yule uliyeingia naye leba; alikuwepo, na anaweza kuthibitisha.